Mbwa Anapojikuna: Kuutambua na Kuutibu Mzio wa Ngozi kwa Mbwa na Paka

Katika kaya nyingi za vijijini na mijini, mbwa ndiye mlinzi wa boma nyakati za usiku na paka ndiye mlinzi wa ghala dhidi ya panya. Wanyama hawa hutoa huduma kubwa kwa gharama ndogo. Hata hivyo, mmoja wao anapoanza kujikuna mfululizo, kunyonyoka manyoya na kutoa harufu, heshima yake hupungua haraka. Watoto hukatazwa kumkaribia, hupakwa oili chafu ya gari au dawa ya kuogeshea ng'ombe, na asipopona hufukuzwa au hupelekwa mbali na kuachwa huko.

Mbwa aliyefukuzwa hatoweki. Huhamia jalalani, sokoni na kwenye viwanja vya shule, mahali ambapo hajulikani ni wa nani. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa inapofika, hakuna mtu wa kumshika kamba na kumleta kituoni. Kwa njia hiyo, tatizo la ngozi lililoanza ndani ya kaya moja huweza kuwa hatari kwa kata nzima.

Sehemu kubwa ya matatizo hayo hutibika au hudhibitiwa, mradi mwenye mnyama azingatie jambo moja la msingi: kujikuna ni dalili, si ugonjwa. Dalili moja huweza kuletwa na vyanzo vingi, na tiba ya chanzo kimoja huweza kudhuru pale ambapo chanzo ni kingine. Somo hili linaeleza mzio wa ngozi ni nini, unavyotofautishwa na magonjwa mengine, unavyotibiwa, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyaepuka.

Mzio ni nini?

Mwili wa mnyama, kama ulivyo wa binadamu, una kinga inayopambana na vijidudu vinavyoingia kutoka nje. Mzio, ambao wengi huuita aleji, hutokea pale kinga hiyo inapokichukulia kitu kisicho na madhara makubwa kana kwamba ni adui. Kitu hicho huweza kuwa mate ya kiroboto, aina fulani ya nyama, vumbi la ndani au chavua ya maua. Kinga inapokishambulia, ngozi huvimba, huwa nyekundu na huwasha.

Binadamu mwenye mzio mara nyingi hupiga chafya na kutokwa na machozi. Kwa mbwa na paka, mzio hujitokeza zaidi kwenye ngozi. Mnyama hujikuna, hujilamba na kujing'ata mpaka ngozi inachubuka. Bakteria na fangasi ambao kwa kawaida huishi juu ya ngozi bila kuleta shida hupata nafasi ya kuingia. Hapo ndipo usaha, magamba na harufu mbaya huanza. Kwa hiyo, mnyama anayefikishwa kwa mtaalamu akiwa na vidonda mara nyingi ana matatizo mawili: mzio wenyewe, na maambukizi yaliyofuata baadaye. Kutibu vidonda peke yake hakutoshi, kwa kuwa mwasho ukiendelea vidonda vitarudi.

Vyanzo vinne vya mzio

Chanzo cha kwanza, na cha kuchunguzwa kabla ya vingine vyote, ni kiroboto. Mnyama mwenye mzio wa kiroboto hasumbuliwi na wingi wa viroboto, bali na mate wanayoyaacha kwenye ngozi wanapofyonza damu. Viroboto wachache tu wanatosha kumfanya ajikune kwa siku nyingi. Ndiyo maana mwenye mnyama husema kwa dhati kwamba mbwa wake hana viroboto, na bado viroboto ndio chanzo. Paka ndiye anayepotosha zaidi, kwa sababu hujilamba muda mrefu na kuwameza viroboto kabla hawajaonekana.

Chanzo cha pili ni chakula. Mzio wa chakula huletwa hasa na protini ambayo mnyama ameizoea. Nyama ya ng'ombe, kuku na maziwa ni miongoni mwa vyakula vinavyotajwa mara nyingi kwa mbwa. Kwa paka hutajwa nyama ya ng'ombe, samaki na kuku. Wengi hushangaa wakisema, "Amekula chakula hiki miaka yote." Hilo halipingani na mzio, kwani mwili huhitaji kukutana na kitu mara nyingi kabla ya kuanza kukikataa.

Chanzo cha tatu ni vitu vilivyomo hewani na katika mazingira: wadudu wadogo mno wanaoishi kwenye vumbi la magodoro na mikeka, chavua za nyasi na miti, pamoja na ukungu. Mzio wa aina hii mara nyingi huanza mbwa akiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 3. Huweza kuongezeka majira fulani ya mwaka na kupungua majira mengine.

Chanzo cha nne, ambacho hakitokei mara nyingi kama vingine, ni kitu kinachogusa ngozi moja kwa moja, kama vile dawa ya kusafishia sakafu au baadhi ya mimea. Mwasho hutokea zaidi mahali penye manyoya machache, yaani tumboni, kwenye kinena na katikati ya vidole.

Mahali anapojikuna panaeleza nini?

Mwenye mnyama ndiye shahidi wa kwanza. Kabla ya kumwita mtaalamu, amtazame mnyama kwa siku mbili au tatu na kuona ni wapi hasa anapojikuna.

Mbwa anayejing'ata kiunoni, juu ya shina la mkia na nyuma ya mapaja, aelekezewe kwanza uchunguzi wa viroboto. Mbwa anayelamba miguu mpaka manyoya yanabadilika rangi na kuwa ya kahawia, anayesugua uso chini, anayejikuna kwapani na tumboni, na ambaye masikio yake hunuka na kuuma mara kwa mara, huenda ana mzio wa mazingira au wa chakula. Mzio wa chakula huweza pia kuambatana na kuharisha au kutapika.

Kwa paka, dalili huwa tofauti. Ukipitisha vidole mgongoni na shingoni, unaweza kuhisi vigaga vidogo vingi kama punje za mtama chini ya manyoya. Paka wengine hujilamba tumbo na mapaja mpaka manyoya yanaisha bila kidonda chochote. Wengine hujikuna uso na shingo mpaka wanatoka damu.

Magonjwa yanayofanana na mzio

Si kila mnyama anayejikuna ana mzio. Upele wa mbwa huletwa na utitiri wanaochimba ndani ya ngozi. Huanza kwenye kingo za masikio, viwiko na visigino vya miguu ya nyuma, na mwasho wake ni mkali mno. Huambukiza mbwa wengine kwa haraka, na watu wanaomshika mnyama huyo huweza kupata vipele vinavyowasha mikononi na tumboni. Ikiwa mbwa anajikuna na watu wa nyumbani nao wameanza kujikuna, mtaalamu aelezwe jambo hilo mapema.

Kuna utitiri wa aina nyingine ambao huishi kwenye vinyweleo na husumbua zaidi mbwa wadogo. Huacha mabaka yasiyo na manyoya kuzunguka macho, mdomo na kwenye miguu ya mbele, na mwanzoni huenda yasiwashe kabisa. Choa ni ugonjwa wa fangasi unaoacha mabaka ya mviringo yenye magamba, hasa kwa paka wadogo, na huambukiza watoto wanaowabeba. Katika maeneo yenye funza, mbwa anayelamba vidole na kuchechemea akaguliwe nyayo, kwa kuwa funza humwingia mbwa kama wanavyomwingia mtu.

Tofauti hizi zina uzito mkubwa katika tiba. Dawa za kupunguza mwasho za kundi la steroidi, kama vile predinisoloni, humpa nafuu mnyama mwenye mzio. Dawa hizo hizo, zikitolewa kwa mnyama mwenye choa au utitiri wa vinyweleo, hushusha kinga na kuufanya ugonjwa usambae mwili mzima. Mtaalamu hukwangua ngozi kidogo na kuangalia kwa hadubini ili kuondoa shaka hiyo.

Ni muhimu pia kuondoa hofu moja. Kunyonyoka manyoya si dalili ya kichaa cha mbwa. Dalili za kichaa ni mabadiliko ya tabia, kama vile kushambulia bila kuchokozwa au upole usio wa kawaida, kutokwa na mate mengi, kushindwa kumeza, sauti kubadilika na miguu kulegea. Mbwa mwenye ngozi mbaya asiuawe kwa kudhaniwa ana kichaa. Hata hivyo, mbwa yeyote akimng'ata mtu, awe na ngozi nzuri au mbaya, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na majeruhi awahishwe kituo cha afya bila kusubiri.

Kipimo cha kitambaa cheupe

Kipo kipimo rahisi ambacho kila kaya inaweza kukifanya. Chukua kitana chenye meno yaliyobanana na kitambaa cheupe au karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Mchane mnyama kiunoni na kwenye shina la mkia, kisha kung'uta uchafu unaotoka juu ya kitambaa. Subiri kidogo. Punje nyeusi zikibaki nyeusi, huenda ni udongo. Zikiyeyuka na kuacha rangi nyekundu iliyochanganyika na kahawia, ni kinyesi cha viroboto, ambacho ni damu iliyosagwa. Hapo chanzo kimepatikana hata kama hakuna kiroboto aliyeonekana. Kwa paka anayejilamba sana, kukosa punje hizo hakutoshi kuthibitisha kwamba hakuna viroboto.

Tiba huanzia nyumbani

Kosa la kawaida ni kumtibu mnyama na kuisahau nyumba. Kiroboto jike mmoja huweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayanati. Hudondoka mahali mnyama anapolala na kupita. Hutoka mabuu wanaojificha kwenye vumbi, nyufa za sakafu na chini ya vitanda, kisha hujifunga ndani ya kifuko kigumu ambacho dawa nyingi hazipenyi. Katika joto na unyevu, mzunguko huo hukamilika ndani ya wiki 3 hadi 4. Inakadiriwa kwamba katika kila viroboto 100 wa nyumba moja, ukihesabu na mayai, mabuu na vifuko, ni takriban 5 tu walio juu ya mnyama. Waliobaki, 95, wamo nyumbani.

Chukua mfano wa kaya yenye mbwa mmoja na paka wawili. Mbwa anaogeshwa dawa Jumamosi na viroboto wote walio mwilini wanakufa. Paka hawakuguswa, na gunia analolalia mbwa halikufuliwa. Kiroboto jike mmoja aliyebaki kwa paka, akitaga mayai 40 kwa siku, atakuwa ameacha mayai 280 ndani ya wiki moja. Mwezi unaofuata mbwa anajikuna tena, na mwenye mbwa anasema dawa haifai. Dawa ilifaa, iliyokosekana ni hatua zilizobaki.

Hatua hizo ni hizi. Kwanza, wanyama wote wa kaya, mbwa kwa paka, wapewe dawa ya viroboto inayofaa aina yao na uzito wao, kwa siku moja. Pili, malazi yao yafuliwe kwa maji ya moto au yaanikwe kwenye jua kali kila wiki, kwa kuwa mabuu hawavumilii ukavu na jua. Tatu, nyumba na banda vifagiliwe mpaka pembeni na kwenye nyufa, na takataka zichomwe. Nne, dawa irudiwe kama ilivyoelekezwa kwa muda usiopungua miezi 3 bila kuruka, hata kama mwasho umepungua. Kudhibiti viroboto kuna faida nyingine: viroboto hubeba minyoo ya tegu, na mnyama au mtoto akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya huweza kuipata.

Ikiwa viroboto wamedhibitiwa na mwasho unaendelea, hatua inayofuata ni kuchunguza chakula. Mnyama hulishwa kwa wiki 8 chakula ambacho hajawahi kula, kwa mfano nyama ya mbuzi au sungura pamoja na viazi vitamu. Katika muda huo asipewe makombo, maziwa, dagaa wala mfupa kutoka kwa jirani, kwani kipande kimoja huweza kuharibu uchunguzi wote. Akipata nafuu, hurudishiwa chakula cha zamani. Mwasho ukirudi, chanzo kimethibitika. Zoezi hili lisimamiwe na mtaalamu, hasa kwa wanyama wanaokua. Paka akikataa chakula kipya asishindishwe njaa, kwa maana paka anayekaa siku kadhaa bila kula huweza kuharibika ini.

Mzio wa mazingira hauponi moja kwa moja, bali hudhibitiwa. Kuogeshwa kwa maji yasiyo moto mara moja kwa wiki, kwa shampuu ya wanyama inayoachwa mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa, huondoa vumbi na chavua na kutuliza ngozi. Sabuni ya unga isitumike, kwa kuwa hukausha ngozi na kuongeza mwasho. Mwasho ukiwa mkali, mtaalamu huweza kutoa predinisoloni kwa muda mfupi. Mnyama anayeitumia hunywa maji zaidi, hukojoa zaidi na hula zaidi. Ikitumika muda mrefu huleta madhara makubwa. Ikishatumika kwa muda, haikatishwi ghafla bali hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo. Antibayotiki hutolewa pale tu ambapo bakteria wameingia kwenye vidonda. Haziutibu mzio wenyewe.

Tiba zinazoua

Baadhi ya wanyama hudhuriwa na dawa kuliko mzio. Mambo yafuatayo yaepukwe kabisa.

Oili chafu ya gari haitibu ngozi. Ina sumu inayopenya kwenye ngozi, na mnyama huimeza nyingine anapojilamba.

Dawa za josho na za kunyunyizia ng'ombe zimetengenezwa kuzimuliwa kwa kipimo cha ng'ombe. Kwa paka hatari ni kubwa zaidi. Ini la paka haliwezi kuvunja sumu za kundi la permethrini na sipamethrini, na dawa yenye amitrazi nayo humdhuru. Hata dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini huweza kumuua paka, au paka akaipata kwa kulala na mbwa aliyepakwa muda si mrefu. Paka aliyepatwa hutetemeka, hutokwa na mate na kukakamaa. Aoshwe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, afunikwe asipate baridi, na awahishwe kwa daktari wa wanyama.

Parasetamoli ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kumuua. BBE, dawa ya upele inayopakwa watu, nayo humdhuru paka. Sindano ya avemektini iliyokusudiwa ng'ombe isikadiriwe kwa macho kwa ajili ya mbwa. Kosa dogo la kipimo huwa zidisho kubwa kwa mnyama wa kilo 10, na baadhi ya mbwa wana asili ya kutoivumilia kabisa dawa hiyo.

Wapi pa kupata huduma

Mwananchi ambaye mnyama wake anajikuna kwa zaidi ya wiki moja, au ana vidonda, anashauriwa kufika kwa Afisa Mifugo wa Kata. Asiyemfahamu aulizie Ofisi ya Mtendaji wa Kata. Tatizo likihitaji uchunguzi wa kina, afisa huyo atatoa rufaa kwa Daktari wa Mifugo wa Wilaya. Tanzania ina sheria inayosimamia taaluma hii, Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, na mwananchi ana haki ya kumuuliza anayemtibia mnyama wake kama amesajiliwa au kuorodheshwa kutoa huduma hiyo.

Ili kuokoa muda, aende na majibu ya maswali haya: mnyama ana umri gani, alianza kujikuna lini, hujikuna wapi zaidi, hula nini, ameshapakwa au kupewa dawa gani, kuna wanyama wengine nyumbani, je, yupo mtu nyumbani anayewashwa? Aende pia na kitambaa cha kipimo na pakiti ya dawa yoyote iliyotumika. Asifiche kama alimpaka oili au dawa ya ng'ombe. Mtaalamu haulizi ili kulaumu, bali apate kujua cha kuondoa kwanza.

Siku hiyo hiyo mwenye mbwa aulizie chanjo ya kichaa. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa usiweze kuenea. Mbwa mwenye ngozi mbaya naye huhesabiwa katika idadi hiyo. Asiachwe nyumbani siku ya chanjo kwa aibu ya muonekano wake. Mtaalamu atamkagua na kuamua kama achanjwe siku hiyo au baada ya matibabu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama. Hata hivyo, sababu ya kumtunza mbwa mgonjwa haiishii kwenye sheria. Mbwa aliyetibiwa hubaki bomani kwake, hujulikana ni wa nani, na huletwa kuchanjwa. Kaya inayosafisha malazi ya mnyama wake na kumpeleka kwa Afisa Mifugo mapema inawalinda watoto wake, na watoto wa jirani pia.